Kabla ya kulipia mazoezi ya macho ya mwanao

Binti yangu alikuwa darasa la nne alipoanza kusoma akiwa ameziba jicho moja kwa kiganja. Mwanzoni nilimkemea, nikidhani anasinzia mezani. Siku moja akaniambia: "Baba, nikifungua yote mawili, maneno yanapandana." Nikampeleka mahali pa kwanza nilipoelekezwa. Haikuisha nusu saa, na kabla hajapimwa macho yake yanakutana umbali gani kutoka puani, nikawekewa mezani karatasi ya vipindi 30 vya mazoezi, malipo yote mbele. Niliondoka kwa sababu tu sikuwa na hela yote siku ile, na mpaka leo nashukuru.

Naandika haya kwa ajili ya mzazi aliyeambiwa kwamba mwanae anahitaji mazoezi ya macho na hajui aanzie wapi. Mazoezi hayo ni tiba ya kweli kwa matatizo machache yanayojulikana. Kwa matatizo mengine hayajathibitika, ingawa yanauzwa kwa bei ileile. Unayemtafuta ni mtu atakayekupa vitu viwili kabla ya kukutajia bei: jina la tatizo, na namba ya kulipimia.

Hatua ya 1: Ugonjwa uondolewe kwanza

Usianze na mtu wa mazoezi, anza na uchunguzi kamili wa jicho. Makengeza ya mtoto mdogo yanaweza kuwa dalili ya kwanza ya retinoblastoma, kansa ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Dalili yake nyingine ni mboni kung'aa nyeupe, na mara nyingi wazazi huigundua kwenye picha ya simu iliyopigwa na flashi. Mtoto wa jicho pia huwapata watoto, wengine huzaliwa nao. Ukiona weupe kwenye mboni, usisubiri mwisho wa mwezi. Mpeleke hospitali wiki hiyohiyo.

Macho ya kichanga kutangatanga katika miezi ya mwanzo ni kawaida. Yakiendelea baada ya miezi 4, apimwe. Najua bibi atasema "atakua, litaisha lenyewe", na kuna watoto ambao hawana makengeza kabisa ila daraja la pua ni pana, wakikua sura inabadilika. Lakini anayeweza kutofautisha ni mpimaji. Na tafadhali, jicho lisitiwe maziwa wala maji ya majani.

Kwa mtu mzima onyo ni moja. Aliyeanza ghafla kuona vitu viwiliviwili, au ambaye kope imeanguka, au aliyegonga kichwa kwenye ajali ya bodaboda, aanze hospitali. Hapo tatizo linaweza kuwa mshipa wa fahamu, kisukari au kiharusi.

Dar es Salaam, watoto wengi wanaonwa CCBRT Msasani na Muhimbili, na kaskazini ni KCMC Moshi. Kenya kuna kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Uganda kuna Mengo, Kampala, na Ruharo kule Mbarara. Aliye mbali aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa na aombe barua ya rufaa, maana bila karatasi hiyo bima inaweza kukusumbua.

Uchunguzi kamili wa mtoto una dawa ya kutanua mboni. Jicho la mtoto lina nguvu sana ya kujirekebisha, kiasi kwamba linaweza kuficha hitaji la miwani mbele ya mashine. Dawa hulegeza misuli hiyo ili namba ya kweli ionekane. Siku hiyo usipange arudi shule: mwanga utamchoma na maandishi ya karibu yatakuwa ukungu kwa saa kadhaa, wakati mwingine mpaka kesho yake. Beba kofia. Mahali panapokuambia mtoto anahitaji miezi ya mazoezi bila kumtia dawa hiyo hata mara moja, wala kukuuliza kama ameshafanyiwa kwingine, mimi sirudi.

Hatua ya 2: Uliza tatizo linaitwaje

Usikubali "macho yake hayashirikiani" wala "ubongo wake hauoni vizuri". Hayo ni maelezo ya jumla. Tatizo lina jina, na jina ndilo linalosema kama mazoezi ni tiba yake.

Jicho vivu, ambalo kitabibu ni ambliopia, hutokea ubongo unapozoea kulitegemea jicho moja na kulipuuza lingine, kwa sababu ya makengeza, tofauti kubwa ya nguvu kati ya macho mawili, au kitu kilichoziba njia ya mwanga. Tiba ya msingi hapa ni ya bei nafuu kuliko wengi wanavyodhani. Inaanza na miwani sahihi. Katika utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2006, kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 waliokuwa na jicho vivu kwa sababu ya tofauti ya nguvu za macho, zaidi ya robo walipona kwa miwani peke yake. Ikibaki kazi, jicho zuri linazibwa kwa kiraka ili lile vivu lilazimike kufanya kazi.

Hapa kuna habari njema inayowaondolea wazazi mzigo. Watafiti haohao walishaonyesha mwaka 2003 kwamba kwa jicho vivu la wastani, kuziba saa 2 kwa siku kulileta maendeleo sawa na kuziba saa 6. Maana yake mtoto anaweza kuvaa kiraka akirudi nyumbani, wakati wa kuchora au kupukuchua mahindi, bila kuchekwa darasani. Matone ya atropini, yanayolitia jicho zuri ukungu kwa muda, nayo ni njia iliyofanya kazi karibu sawa na kiraka. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa pekee ya jicho vivu ni vipindi vyake 40 vya kompyuta, muulize kwa nini ameruka miwani na kiraka.

Na usikubali neno "umechelewa" kwa haraka. Ni kweli kwamba kabla ya miaka 7 jicho linaitikia vizuri zaidi. Lakini matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kuwa kwa watoto wa miaka 7 hadi 12, zaidi ya nusu ya waliopewa miwani pamoja na kiraka na atropini walipanda mistari miwili au zaidi kwenye chati. Waliopewa miwani tu, ilikuwa robo. Wapo walionufaika hata wakiwa na miaka 13 na kuendelea, hasa wale ambao hawakuwahi kutibiwa.

La pili ndilo lililomkuta binti yangu: macho kushindwa kukutana yanapotazama kitu cha karibu. Wataalamu huliita upungufu wa konvajensi. Mtoto anaona ubao vizuri, anapimwa shuleni anaambiwa yuko sawa, lakini akisoma kitabu kwa dakika 10 kichwa kinauma, anapoteza mstari, herufi zinatembea. Hapa ndipo mazoezi yana ushahidi mzuri. Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa watoto 221 wa miaka 9 hadi 17 nchini Marekani. Waliofanya mazoezi kliniki saa moja kila wiki, na dakika 15 nyumbani siku 5 za wiki, baada ya wiki 12 asilimia 73 walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa. Waliosogeza tu kalamu kuelekea pua nyumbani walikuwa asilimia 43.

Kuna kundi lingine katika utafiti huo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Walipelekwa kliniki kila wiki wakafanyishwa mazoezi ya kuigiza, yanayofanana na tiba lakini si tiba. Asilimia 35 yao nao walipata nafuu. Mmoja katika kila watatu! Ndiyo maana ushuhuda wa mama mmoja kwenye kundi la WhatsApp, hata kama anasema kweli tupu, hauthibitishi kwamba mazoezi ndiyo yaliyomponya mwanae.

Makengeza ya kudumu ni habari nyingine. Mengine yananyooshwa na miwani ya namba sahihi, mengine yanahitaji upasuaji, na yapo machache ya kuja na kuondoka ambayo mazoezi yanasaidia. Jicho lililogeuka sana saa zote halinyooki kwa mazoezi peke yake.

Sasa kusoma. Hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza pesa. Mtoto asiyeweza kuunganisha silabi, anayesoma "ba-be-bi" kwa wimbo lakini ukimwandikia "baba" na "bibi" kwa herufi kubwa kama kiganja bado anakisia, huyo shida yake huenda iko kwenye lugha na sauti, si kwenye misuli ya macho. Hiyo inaweza kuwa disleksia, na msaada wake ni mwalimu anayejua kufundisha sauti na herufi hatua kwa hatua. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi kuwa mazoezi ya macho au miwani ya rangi hutibu disleksia. Tena mwaka 2019, watoto 311 wenye upungufu wa konvajensi walifuatiliwa kwa wiki 16: mazoezi halisi hayakuongeza uelewa wa kusoma kuliko yale ya kuigiza. Kwa hiyo mazoezi yanaweza kumwondolea mtoto kichwa kuuma na maneno kupandana. Anayekuahidi atapanda nafasi darasani anaahidi kitu asichokuwa nacho.

Na anayesema mazoezi yatamfanya atupe miwani ya kuona mbali, usikae hata kunywa chai yake. Ahadi hiyo ilishavuma Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini asiyeona mbali mara nyingi jicho lake limerefuka kupita kiasi, na urefu huo haupungui kwa kulizungusha.

Hatua ya 3: Jua nani ni nani

Daktari bingwa wa macho amesoma udaktari kisha akabobea. Ndiye anayetibu magonjwa na kupasua. Mtaalamu wa optometria anapima uoni, anaandika miwani, na akiwa amejifunza zaidi anashughulikia ushirikiano wa macho mawili. Wataalamu wa othoptiki kazi yao yote ni makengeza na mwendo wa macho. Uingereza wako wengi, kwetu ni adimu sana. Muuza miwani anachonga lenzi na kurekebisha fremu. Kila mmoja ana heshima yake, lakini "mtaalamu wa mazoezi ya macho" ni jina lisilo na mwenyewe, yeyote anaweza kulibandika mlangoni.

Kwa hiyo omba namba ya usajili. Tanzania Bara kuna Sheria ya Optometria ya mwaka 2007 na Baraza la Optometria linalosajili wataalamu hao. Daktari naye yuko kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika. Mtu aliyesajiliwa hakasiriki ukimuuliza. Binafsi swali naliuliza hivi: "Samahani daktari, naomba namba yako ya usajili niiandike kwenye daftari la mtoto." Ni la adabu, na majibu yake yanasema mengi.

Ndugu zetu walioko Uingereza, optometria iko chini ya baraza liitwalo General Optical Council, na othoptiki chini ya HCPC, baraza la usajili wa wataalamu wa afya. Huduma ya othoptiki hupatikana hospitali za umma kwa rufaa, basi usikimbilie kulipa kabla hujauliza huko. Walioko Marekani ndio wanaokutana zaidi na ofisi za mazoezi za binafsi. Huko kila mtaalamu ana leseni ya jimbo lake, na waliofaulu mtihani wa ziada wa fani hii huweka herufi FCOVD (siku hizi FOVDR) baada ya jina, kutoka chama chao cha COVD ambacho sasa kinaitwa OVDRA. Herufi hizo zinaonyesha amesomea. Hazionyeshi kama mtoto wako anahitaji tiba hiyo. Kwa hilo pata maoni ya daktari wa macho ya watoto asiye na hisa katika ofisi ile.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, angalia anachopima

Mpimaji mzuri anachukua muda. Atapima kila jicho peke yake kwenye chati, na kwa asiyejua kusoma atatumia picha au herufi E zilizogeuzwa pande zote. Ataziba jicho hili na kulifungua, kisha lile, akitazama linavyoruka. Atatumia vipande vya prizma, yaani vioo vinavyopinda mwanga, kupima ukubwa wa mruko. Atapima kama mtoto anaona kina, mara nyingi kwa kitabu chenye inzi mkubwa ambaye mabawa yake yanaonekana yametokeza. Na kwa tatizo la binti yangu, atasogeza ncha ya kalamu kuelekea pua na kuandika kwa sentimita mahali jicho moja linapoachia. Katika utafiti ule wa 2008, kuachia kwenye sentimita 6 au mbali zaidi kulihesabika kuwa ni dalili ya tatizo. Kuna pia dodoso la maswali 15 kuhusu kuumwa kichwa, kupoteza mstari, herufi kutembea: kwa mtoto, jumla ya 16 au zaidi kati ya 60 inamaanisha ana dalili za kutosha.

Binti yangu alianza na sentimita 14 na alama 29. Niliziandika namba hizo nyuma ya daftari lake, na ndizo zilizonisaidia baadaye kuliko maneno yote. Omba nakala ya vipimo vya siku ya kwanza. Ni haki yako.

Hatua ya 5: Maswali kabla ya kukubali

Mimi niliuliza haya, na ningeuliza tena.

- Tatizo linaitwaje, na kipimo gani kimelionyesha?
- Je, kuna tiba nyepesi zaidi tuanze nayo, kama miwani?
- Nani atakaa na mtoto kwenye kipindi, wewe au msaidizi? Msaidizi si vibaya, mradi aliyempima anarudi kumtazama.
- Tutapima tena lini, na namba ikifika ngapi tutaacha?
- Ikikataa kushuka, tunafanya nini?

Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Jibu zuri linasikika hivi: "Baada ya wiki 6 tusipoona mabadiliko tutapima upya, labda tumekosea mahali, na nitakuandikia rufaa." Jibu baya ni: "Tutaongeza vipindi."

Hatua ya 6: Pesa

Lipa kwa kipindi au kwa mwezi, usilipe kifurushi chote mbele. Uliza kwa maandishi kama unarudishiwa pesa mtoto akiugua au mkihama. Uliza bima yako kabla, kwa kutaja jina la tatizo, kwa sababu bima nyingi hulipia uchunguzi na kukataa mazoezi.

Vifaa vingi ni rahisi. Kimojawapo kinachotumiwa duniani kote ni uzi wenye shanga tatu za rangi tofauti. Unafunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, nyingine unaishika kwenye ncha ya pua. Ukitazama shanga ya karibu kwa macho yote mawili, unapaswa kuiona moja, na uzi uonekane kama nyuzi mbili zinazokatana pale penye shanga. Ukiona uzi mmoja tu, ubongo umelizima jicho moja. Uzi na shanga za Kariakoo vinatosha. Unachomlipa mtaalamu ni kujua shanga ikae wapi wiki hii, na kugundua mtoto anapodanganya.

Maana watoto hudanganya, kwa kuchoka tu. Wanasema "naona moja" ili wakacheze. Kaa naye.

Hatua ya 7: Ratiba ya nyumbani, na kuacha

Dakika 15, siku 5, muda uleule kila siku. Sisi tulichagua kabla ya chakula cha jioni, maana baada ya kula analala. Kiraka kibandikwe juu ya ngozi, si juu ya kioo cha miwani ambako atachungulia pembeni. Usiongeze saa za kuziba kwa kudhani utaharakisha: jicho zuri likizibwa kupita kiasi bila kufuatiliwa linaweza nalo kudhoofika. Ndiyo maana tarehe za kurudi kliniki hazirukwi.

Kama uko Kigoma au Songea na aliyempima yuko Dar, mweleze wazi kwamba huwezi kuja kila wiki. Mwombe akufundishe wewe mazoezi mbele yake, urudi kila baada ya wiki kadhaa kupimwa, na katikati umtumie video fupi ya mtoto akifanya. Mtaalamu anayekataa mpango wowote isipokuwa wa kuja kwake kila wiki hajafikiria safari yako. Tafuta mwingine.

Wiki ya 11, binti yangu alifika sentimita 5, na dodoso likashuka hadi 11. Mtaalamu wake, yule wa pili, akatuambia tupunguze iwe mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, kisha tuache, turudi baada ya miezi 6. Hakutuuzia kipindi kingine. Alituelekeza jambo moja la kufanya wenyewe: kila mwanzo wa muhula, kalamu na rula mezani, tusogeze kuelekea pua na kuandika namba. Ikivuka sentimita 6 mara mbili mfululizo, au akianza tena kuziba jicho kwa kiganja, tumpigie simu.